Hoho za Kiangazi kwa Uji Mwepesi

Novemba 9

Katibu wa hospitali alikuja bandani saa nne asubuhi, akasimama mlangoni bila kuingia kwa sababu ya viatu vyake, akatupa masharti. Kuanzia kesho hadi Aprili 15 banda hili la plastiki litoe kreti sitini za pilipili hoho zinazofaa kupikwa jikoni kwa wagonjwa. Zikipungua, plastiki inashuka, mabomba yanang'olewa, na mahali hapa panamwagwa kokoto pawe maegesho ya magari kumi na moja. Hakupandisha sauti. Hoja anayo: kiangazi kilichopita tulitoa kreti tisa, na cha kabla yake saba. Zilizobaki zilioza kitako zikiwa bado kwenye mche.

Naanza daftari hili kwa sababu viangazi viwili hakuna aliyeandika kitu. Tunakumbuka tu kwamba jua lilikuwa kali. Nimefanya kazi gazetini miaka ishirini na saba na sikuwahi kumruhusu mtu anipe jua kali kama maelezo.

Banda ni la hospitali kwa karatasi. Kwa jasho ni la Wifi, mke wa kaka yangu. Zamani alikuwa dobi hapa hapa, akainua mashuka mabichi mpaka pingili mbili za mgongo zikagoma, ndipo akahamishiwa kwenye hoho. Ni mwaka wa sita sasa. Banda likivunjwa anarudi kwenye mashuka. Katibu alilisema hilo pia, kwa upole, kama mtu anayekutajia saa.

Mimi nilikuja kukaa naye nilipostaafu. Kaka anafanya kazi mbali na huonekana mara mbili kwa mwaka. Yeye ananiita Wifi, nami namwita Wifi, na wauguzi hawajachoka kutania. Katibu alipoondoka mmoja alichungulia akauliza kama wifi ipo. Nikamjibu ipo, inafunga mirija.

Novemba 10

Miche 240 imeingia. Mistari kumi na miwili, miche ishirini kila mstari. Joto saa nane mchana, nyuzi 33. Mgongo wa Wifi ni mbaya. Wangu ni wa umri wangu.

Novemba 15

Nieleze kazi yenyewe mara moja nisirudie. Hoho zetu hazijui udongo. Kila mche umesimama kwenye mfuko wa makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo hayana lishe. Yanashika mizizi tu. Chakula kinatoka tangini: maji yaliyoyeyushiwa chumvi za mbolea, yakifika kwa mrija mwembamba, tone kwa tone. Mchanganyiko huo tunauita uji. Chumvi zikiwa nyingi ni uji mzito, zikiwa chache ni mwepesi. Tuna kipimo mfano wa kalamu. Ukikichovya kinatoa namba. Maji matupu ya bomba letu yanasoma 0.3. Miche michanga tunaipa 1.4. Karatasi iliyobandikwa ukutani inasema mche ukishashika upewe 2.5, basi. Haitaji mwezi wala majira.

Nyuzi 34.

Novemba 27

Bwana Shamba wa wilaya amekuja kutupandisha hadi 2.5. Ana miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi hata mikunjo ya mikono inasimama. Karatasi ya ukutani ni yake. Sisi tunamwita Mbili-na-Nusu, akiwa hayupo.

Nilimuuliza kwa nini mbili na nusu. Akasema hoho ni hoho. Nikamwambia nilichokiona katika viangazi viwili, ingawa sikukiandika: siku za baridi mche hunywa kidogo, kwa hiyo kila funda liwe na chakula cha kutosha. Siku za jua hunywa kama mtu aliyetoka mbio. Unavuta maji, chumvi nyingi zinabaki mfukoni, na uji unazidi kuwa mzito mizizini bila mkono wa mtu. Ukianza na 2.5 kiangazi, baada ya wiki mbili mche umesimama kwenye maji ya bahari.

"Mama, mimi nimesomea haya," alisema.

"Nami nimeisoma karatasi yako. Haina majira."

Akacheka na kumgeukia Wifi. Wifi akamwambia ndiyo. Kisha nikamgeukia mimi, na mimi akaniambia ndiyo. Mwisho tuligawana matangi. Tangi la Kwanza, mistari ya 1 hadi 6, linafuata karatasi. Tangi la Pili, mistari ya 7 hadi 12, linanifuata mimi.

Wifi ana tabia ya kumkubalia kila mwenye kalamu mfukoni. Leo imenikera.

Novemba 30

Nyuzi 35. Hakuna la kuandika.

Desemba 4

Nyuzi 36. Maua ya kwanza, pande zote mbili.

Desemba 11

Nyuzi 36. Pampu ilikwama robo saa. Wifi aliipiga kofi ikawaka.

Desemba 18

Mistari yangu imepauka. Majani ya juu yana rangi ya limao, na ukisimama mlangoni unaona mpaka kama umechorwa kwa rula: kulia kijani kizito, kushoto wagonjwa. Bwana Shamba alipita akitabasamu, akaniuliza hoho zangu zinaumwa au zimefiwa.

Niandike ukweli. Nilikuwa nimeshusha uji hadi 1.2. Sikuwa na sababu ila kutaka tofauti yangu na karatasi ionekane kwa mbali. Huo ni ubishi, si upimaji. Leo nimepandisha hadi 1.6 na nimeandika namba kwenye tangi kwa rangi.

Wifi alinipa kikombe cha chai kwanza kabla ya kujimiminia, jambo ambalo kwake ni sawa na hotuba.

Desemba 27

Nyuzi 37. Kijani kimerudi kwenye mistari ya 7 hadi 11. Wa 12 unasuasua. Matunda ya kwanza, ukubwa wa goroli.

Januari 3

Nyuzi 37. Maji yanayochuruzika chini ya mifuko: upande wa karatasi 3.4, upande wangu 2.0. Yaani pale unapotia 2.5 mizizi inapata 3.4. Nimemwonyesha Wifi kipimo. Alikipangusa kwa kitenge, akapima tena mwenyewe, ikasoma 3.4. Akasema labda kipimo kimechoka.

Januari 8

Kitako kimeanza kuoza. Doa la kahawia chini ya tunda, laini kwanza, halafu jeusi na kavu kama ngozi ya kiatu. Nimehesabu tunda kwa tunda: mistari ya 1 hadi 6, matunda 31. Mistari ya 7 hadi 12, matunda 4.

Nilimpigia Bwana Shamba. Akaniambia ni upungufu wa kalsiamu, niongeze kalsiamu tangini. Kalsiamu imo. Inasafiri na maji, na maji hayapandi kwa sababu uji ni mzito kuliko mzizi unavyoweza kuvuta. Kuongeza chumvi juu ya chumvi ni kumpa karanga mwenye kiu. Nilimweleza hivyo, akasema atakuja kuona. Hakusema siku.

Januari 10

Nyuzi 38. 44 kwa 5.

Januari 13

Nyuzi 38. 67 kwa 5. Wifi anayachuma yaliyooza alfajiri kabla Katibu hajapita kwenda ofisini, anayaficha chini ya magunia. Nilimwuliza anamficha nani wakati namba ninazo. Akasema namba hazinuki.

Januari 16

Nyuzi 39. 90 kwa 6.

Leo Wifi amekubali. Alisimama kati ya mstari wa 6 na wa 7 muda mrefu, akigusa majani huku na huku, kisha akaniambia nifanye nitakavyo na Tangi la Kwanza. Hakuna wakati: kesho asubuhi nasafiri. Gazeti langu la zamani linapanga maktaba ya picha na limeniomba siku tatu nikatambue watu ambao wengine wote waliowajua wamekufa. Tangi linamaliza uji uliomo kesho jioni, ndipo litachanganywa upya.

Nimeandika kwenye kadi nikaifunga kwa waya kwenye koki: TANGI LA KWANZA, PUNGUZA UJI. Nimemsomea kwa sauti. Akaniambia sawa Wifi, nenda, mimi si mtoto.

Januari 20

Nimerudi saa tano asubuhi. Naandika saa kumi na moja jioni, nimekaa juu ya ndoo.

Mistari ya 1 hadi 6 imelala. Majani yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, kingo zimeungua, na vichwa vya miche kama thelathini vimekwisha kauka. Mistari ya 7 hadi 12 imesimama. Nilipoingia nilidhani pampu imekufa. Pampu ilikuwa inanguruma vizuri. Nikainama kwenye mrija wa mstari wa 3, nikahesabu: tone moja, kimya, nikafika kumi na tisa, tone la pili. Kawaida ni tone moja kila sekunde mbili.

Wifi alikuwa amekaa sakafuni mstari wa 2, anaumwagilia kila mche kwa kopo, mgongo wake ule ule.

Nilimwuliza nani aligusa koki. Akanitazama kana kwamba ninamtania.

"Si uliandika punguza uji? Nimepunguza. Nimefunga koki robo tatu, siku nne. Jana nilipoona zinalegea nikasema labda bado ni mwingi, nikafunga zaidi kidogo."

Nikamwambia nilimaanisha nguvu yake, aufanye mwepesi.

"Wifi, ukiambiwa upunguze uji, unapunguza kikombeni au chunguni?"

Nikaishika kadi iliyofungwa kwenye koki, nikaisoma upya. Maneno mawili niliyaandika kwa herufi kubwa, na yalibeba maana mbili, na ile aliyoichukua ndiyo ya kawaida. Mtu yeyote akiambiwa apunguze uji atatia kidogo. Nimetumia nusu ya maisha yangu kukata sentensi za watu wengine zenye kosa kama hilo, na nilikuwa nikiwaita waandishi mezani kwangu niwaulize wanadhani msomaji amekaa ndani ya vichwa vyao. Siku ya joto nyuzi 39 nimemwagiza mtu anayetii anyime mimea maji, na akatii.

Kosa ni langu. Nimemwambia hivyo Wifi mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu kwa sababu mara ya kwanza aliendelea kumwaga kopo.

Si hilo tu. Jana Katibu alikuja na fundi wa kupima ardhi, futi yao ya kukunja na chupa ya rangi. Walikuja kupima nje, lakini Katibu safari hii aliingia. Alipiga picha za mistari ya 1 hadi 6. Hakupiga za 7 hadi 12. Wifi anasema alitikisa kichwa kama mtu msibani.

Saa nane Bwana Shamba alifika. Nani alimwita sijui. Nilijiandaa kwa tabasamu lake. Hakutabasamu. Alivua shati la pasi akalitundika kwenye msumari, akapiga magoti mstari wa 1 na fulana yake, akafinya mfuko mpaka matone machache yakatoka chini, akayapima. 5.1. Akapima mfuko wa pili, 4.8. Akaenda mstari wa 9, akapima: 2.1. Akarudi mstari wa 1 akapima tena, ingawa alishajua.

Kisha akamwambia Wifi afungue koki zote, na mimi nichanganye tangi jipya la 1.0, lipite mfululizo mpaka yanayotoka chini yashuke chini ya mbili. Tulifanya hivyo saa mbili nzima hatusemi kitu ila namba. Alipokuwa anavaa shati lake nilimwuliza, bila ubishi safari hii, karatasi yake ilitoka wapi.

"Nilikabidhiwa nilipoajiriwa, Mama. Imeandikwa kwa watu wanaopanda wakati wa baridi, nadhani. Kiangazi sijawahi kuijaribu. Hakuna aliyepanda kiangazi mpaka nyinyi."

"Na mbili na nusu umeisema miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

Aliibandua ukutani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nimeacha kumwita lile jina.

Januari 21

Nyuzi 39. Yanayotoka chini, mstari wa 1: 2.6. Yanashuka.

Januari 22

1.9. Matangi yote mawili sasa 1.6. Nimeandika kwenye kila koki, kwa rangi: NGUVU, halafu namba. KIASI, halafu namba. Neno uji nimelipiga marufuku kwenye maandishi. Mdomoni bado tunalitumia, kwa tahadhari.

Januari 24

Miche iliyokufa: 38. Tumeing'oa. Iliyobaki banda zima: 202. Wifi alitaka kupumzika baada ya mche wa ishirini, akajizuia, akamaliza. Hakunilaumu wala hakunibembeleza. Ningependelea moja kati ya mawili.

Februari 3

Mavuno ya kwanza. Kilo 40, kreti nne za kilo kumi kumi. Mpishi mkuu wa hospitali alizipima mwenyewe kwenye mzani wake wa jikoni na kuandika kwenye kitabu chake. Yeye huandika kilo tu.

Nyuzi 38.

Februari 10

Kreti 9 kwa jumla. Tumefikia kiangazi kizima cha mwaka jana kwa wiki moja. Sikumwambia mtu. Saa tano kila muuguzi alikuwa anajua.

Februari 18

Mpishi mkuu amelalamika. Amekuja mpaka mlangoni na hoho iliyopasuliwa katikati. "Mnaniletea mapovu haya? Yakigusa mafuta yanayeyuka. Wagonjwa wanatafuta hoho kwenye sahani kwa tochi."

Ana haki. Uji mwepesi unatoa tunda lisilooza, lakini ukuta wake ni mwembamba. Namba inayookoa mche si lazima iwe ndiyo inayomfurahisha mpishi. Bwana Shamba anasema tusubiri joto lishuke chini ya 36, ndipo tupandishe kidogo kidogo. Safari hii nimekubaliana naye kabla hajamaliza sentensi, akashangaa.

Februari 28

Nyuzi 37. Kreti 21.

Machi 6

Nyuzi 35, siku ya tatu mfululizo. Nguvu 1.8.

Machi 7

Wifi ana kazi fulani nyuma ya chumba cha kufulia. Anasema anasaidia wenzake wa zamani. Mgongo huo.

Machi 15

Nyuzi 34, wingu. Kreti 33. Kuoza kitako wiki nzima: matunda 3, banda zima. Mpishi mkuu amepasua hoho moja mbele yangu, akaubonyeza ukuta wake kwa kidole gumba, akaondoka bila kulalamika. Nahesabu hiyo ni sifa.

Machi 22

Nyuzi 32. Nguvu 2.0. Bwana Shamba anakuja kila Ijumaa na daftari lake jipya. Ameligawa kwa miezi. Leo aliniomba namba zangu za Novemba na Desemba anakili. Nilimpa zote, pamoja na ile 1.2. Akauliza kama aiache. Nikamwambia hiyo ndiyo aanze nayo.

Machi 31

Kreti 45. Zimebaki siku kumi na tano na kreti kumi na tano. Mistari ya 7 hadi 12 imechoka, imebeba wenzake.

Aprili 6

Kreti 50. Mvua nyepesi, nyuzi 30.

Aprili 10

Kreti 52.

Aprili 13

Kreti 54. Kwenye miche hakuna tena tunda litakalofaa kufikia kesho kutwa. Tulipita mistari yote kumi na miwili, Wifi upande mmoja na mimi mwingine, tukakutana ukutani mikono mitupu.

Hesabu nimeifanya hivi. Mistari ya 7 hadi 12, miche 120, imetoa kilo 391. Mistari ya 1 hadi 6, miche 82 iliyosalimika, kilo 149. Jumla 540. Kama ile miche 38 ingekuwa hai na ikazaa sawa na majirani zake tu, ingetoa kama kilo 69. Tungekuwa na 609. Tumekosa kreti sita kwa maneno mawili yangu. Nimemsomea Wifi hesabu hii.

Akafikiri, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwake. Katibu alisema kreti sitini. Hakusema kreti ina kilo ngapi. Jikoni wameandika kilo 540. Gawanya kwa tisa.

Nikagawanya. Ni sitini kamili, bila hata gramu kubaki.

"Basi kreti yetu ni kilo tisa," akasema.

Nikamwambia tangu Februari nimeandika kumi.

"Daftari ni lako, Wifi. Kalamu ni yako. Mgongo ni wangu."

Hayo ndiyo maneno makali pekee aliyonitolea msimu mzima, na aliyasema akikunja magunia. Nilikaa nayo mchana wote. Sikatai kwa ajili ya usafi wa roho. Nakataa kwa sababu namba zangu ndizo kitu pekee tulicho nacho ambacho Katibu hana, na nikiibadilisha moja, zote zinakuwa za kwake. Nilimwambia hivyo. Chai leo alijimiminia mwenyewe kwanza.

Aprili 15

Ofisini kwa Katibu, saa tatu asubuhi. Picha zake za Januari zilikuwa mezani, zimepangwa. Nikaweka daftari juu ya picha hizo.

Akasema hamsini na nne si sitini. Nikamwambia si sitini. Alikuwa amejitayarisha kwa mabishano, ilibidi ayameze. Akauliza kilichotokea Januari, nikamweleza kwa sentensi tatu, ya kwanza ikianza na mimi. Wifi alikaa pembeni, mikono juu ya mapaja.

"Basi tumeelewana," alisema Katibu.

"Tumeelewana. Sasa utuandikie."

Nikampa karatasi niliyokuwa nimeichapa. Ilikuwa na sentensi moja na nafasi ya sahihi: *Mimi, Katibu wa hospitali, naamuru kuvunjwa kwa banda lililotoa kilo 540 za hoho kiangazi hiki, kutoka kilo 90 kiangazi kilichopita, ili magari kumi na moja yapate pa kusimama.*

Aliisoma mara mbili. Akasema hii ni lugha ya gazeti. Nikamwomba anionyeshe neno lisilo la kweli, nilifute hapo hapo. Akatafuta. Alitafuta kwa dhati, namsifu kwa hilo, kidole kikipita chini ya mstari. Akafungua kalamu, akaifunga. Mwisho akasema barua rasmi itakuja, kwa lugha ya ofisi, siku tatu.

Nikamwambia tutaisubiri, na kwamba nakala ya karatasi hiyo ninayo, na mpishi mkuu anayo, na Bwana Shamba ameipeleka wilayani pamoja na daftari lake. Sikumtisha. Nilimpa taarifa.

Aprili 18

Siku ya tatu. Hakuna barua. Nyuzi 28.

Aprili 19

Wifi alinishika mkono baada ya chai akanipeleka nyuma ya chumba cha kufulia. Kati ya kuta mbili, chini ya kipande cha plastiki yetu kuukuu, kuna trei kumi na mbili. Miche ya hoho 240, majani sita kila mmoja, imenyooka. Mbegu zake alizisia Machi 5, tulipokuwa na kreti ishirini na tano na hakuna aliyejua tutafika wapi. Madobi walikuwa wanaimwagilia kwa zamu.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeandika," alisema.

Ni kweli, ningeandika. Na Katibu angesoma. Mtu niliyemwona miezi mitano akisema ndiyo kwa kila mwenye kalamu alikuwa ameshapanda jibu lake.

Aprili 21

Hakuna barua. Tumeng'oa miche ya zamani, tumesuuza mifuko kwa maji matupu mpaka yanayotoka chini yakasoma 0.5. Kwa msimu huu wa baridi tutaanza na 1.4, na miche ikishika tutapanda hadi 2.2, labda 2.5 Julai. Karatasi ya Bwana Shamba itapata mwezi wake. Alicheka nilipomwambia.

Aprili 22

Asubuhi nyuzi 19, Wifi amevaa sweta. Tulianza saa mbili. Madobi wawili walipitisha trei dirishani, Bwana Shamba alitoboa mashimo, mimi nilifunga mirija, Wifi alipandikiza. Hakumruhusu mtu mwingine kuushika mche.

Saa nne na nusu Katibu alitokea mlangoni. Tulikuwa mstari wa 8. Alitazama mistari saba ya kijani, kisha trei, kisha mimi, kwa kuwa mimi ndiye aliyezoea kubishana naye. Akauliza nani ametoa ruhusa.

Wifi ndiye aliyejibu. Hakusimama, angesimama ingemchukua muda kurudi chini.

"Barua unayo, Bwana Katibu?"

"Inaandikwa."

"Haya. Nasi tunapanda. Atakayemaliza kwanza amwambie mwenzake."

Katibu aliangalia viatu vyake, akaondoka kuelekea ofisini. Tukaingia mstari wa 9.

Saa sita kasoro dakika kumi mche wa 240 uliingia kwenye mfuko wake. Wifi akashika nguzo, akajinyanyua. Akanawa mikono, akavua buti, akavaa viatu vyake vizuri, na akaenda ofisini kumwambia.